Swali Linaloulizwa Mlangoni

 

Jioni hii nataka tuzungumze jambo ambalo wanawake huliuliza wakiwa wameshasimama kuondoka. Kaa siku moja katika chumba cha uzazi wa mpango, zahanati yoyote ile, utaliona. Mama ameingia, amepimwa presha, amechomwa sindano yake ya miezi mitatu, kadi imeandikwa tarehe ya kurudi. Anaaga, anajitanda kanga yake vizuri, anafika mlangoni, mkono uko kwenye kitasa. Hapo ndipo anapogeuka na kusema kwa sauti ya chini kwamba tangu aanze njia hii, huko chini hakuko kama zamani. Mmoja atasema anatoka majimaji mpaka abadilishe nguo ya ndani mchana. Mwingine atasema amekauka, tendo la ndoa limekuwa maumivu. Wa tatu anaona ute wa kahawia siku nenda siku rudi, hajui kama ni hedhi au ni ugonjwa. Nje benchi limejaa, nesi ana foleni, na jibu analopata ni fupi: kawaida hiyo mama, mwili unazoea.

Mimi ni mkunga, na jibu hilo nalifahamu. Mara nyingi ni la kweli. Lakini halimtoshi mtu anayeona kitu kipya kwenye mwili wake kila asubuhi, na kwa kuwa halimtoshi, huenda kulitafuta jibu lingine kwa jirani, kwa msusi, kwa muuza dawa za asili sokoni. Miezi michache baadaye anarudi kutaka kijiti kitolewe, au harudi kabisa na sindano inapita tarehe. Tafiti za kitaifa za afya ya uzazi, Kenya na Tanzania, zimekuwa zikionyesha mwaka hadi mwaka kwamba wanawake wengi wanaoacha njia wakiwa bado hawataki mimba huziacha kwa sababu ya maudhi madogomadogo na hofu ya afya zao. Tunawaeleza kuhusu hedhi kuvurugika, tunawaeleza kuhusu uzito na kichwa kuuma. Kuhusu ute wa ukeni tunanyamaza. Nitataja viungo kwa majina yake, kwa sababu ukimya ndio uliotufikisha hapa.

Tuanze na mwanamke asiyetumia njia yoyote. Uke wenye afya una unyevu. Kwa siku moja, kile kinachotoka hakifiki kijiko cha chai, na kinatoka sehemu mbalimbali: ute wa shingo ya kizazi, majimaji yanayopita kwenye kuta za uke, na seli zilizochakaa ambazo mwili unazipunguza kama unavyopunguza ngozi ya mkononi. Ndani ya uke wanaishi bakteria wazuri, kundi linaloitwa laktobasili. Homoni ya estrojeni huzifanya kuta za uke ziweke akiba ya sukari, sukari hiyo hatimaye hugeuzwa na bakteria hao kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayowazuia wadudu wabaya wasishike makazi. Kwa hiyo harufu ya uchachu kidogo, ute mweupe au usio na rangi, doa la manjano hafifu kwenye nguo baada ya kukauka, hayo yote ni ya mtu mzima kiafya.

Ute huo haukai hali moja mwezi mzima. Baada ya hedhi kuna siku za ukavu. Kisha estrojeni inapopanda kuelekea siku ya yai kupevuka, shingo ya kizazi hutoa ute mwingi, mwepesi, unaoteleza na kuvutika kati ya vidole bila kukatika, mfano wa ute wa yai bichi. Ute wa siku hizo ndio unaozibeba mbegu za mwanaume na kuzihifadhi hai kwa siku kadhaa. Yai likishatoka, homoni nyingine, projesteroni, inashika zamu. Ute unakuwa mzito, unanata, unapungua, na mbegu hazipiti tena kwa urahisi. Mwanamke anayejua mwili wake ataziona zamu hizi mbili bila kuelezwa na mtu.

Sasa ingiza njia ya homoni. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, kijiti ndicho kilichokuwa njia ya kisasa inayotumiwa zaidi na wanawake walioolewa Tanzania. Kenya mwaka huohuo sindano na kijiti vilikuwa vinakaribiana, takriban mwanamke mmoja kati ya watano kwa kila njia. Kijiti, sindano, vidonge vya mama anayenyonyesha na kitanzi chenye homoni, vyote hivi vina projestini peke yake, yaani homoni iliyotengenezwa kufanya kazi ya projesteroni. Sindano husimamisha upevukaji wa yai, na kijiti nacho hufanya hivyo, hasa miaka yake ya mwanzo. Lakini vyote kwa pamoja vinafanya kazi moja ambayo haielezwi vya kutosha: vinaufanya ute wa shingo ya kizazi uwe mzito na wa kunata kila siku ya mwezi, mbegu ikifika pale isipate njia.

Hapa nataka nikae kidogo, maana mwanamke akilielewa hili hofu yake inapungua nusu. Angalia vidonge vya mama anayenyonyesha, vile vyenye homoni moja kwa kiwango kidogo sana. Tunamsisitizia mama avimeze saa ileile kila siku, na kwamba akichelewa zaidi ya saa tatu atumie kondomu kwa siku mbili huku akiendelea kumeza. Wengi hudhani huo ni ukali wa manesi. Sababu yake iko kwenye ute. Kidonge kile kinauzuia ute usiwe mwepesi kwa muda wa takriban siku moja. Kikichelewa, ute unaanza kulegea na njia inafunguka. Siku mbili za kondomu ni muda wa ute kuwa mzito tena. Kwa maneno mengine, mama anayeona kwamba zile siku za ute wa kuteleza hazipo tena anaona dawa ikifanya kazi yake. Kutoweka kwa ute ule si dalili kwamba kizazi kimeharibika. Akiacha njia, homoni ikiisha mwilini, zamu zile zinarudi. Kwa kijiti, vidonge na kitanzi zinarudi mapema. Kwa sindano kuna kuchelewa, kwa wastani miezi minne zaidi ya njia nyingine mpaka mimba kushika, na hilo aambiwe kabla hajachomwa.

Je, na yule anayesema majimaji yameongezeka? Naye hasemi uongo. Maelezo rasmi ya kijiti cha Implanon, yale yaliyoidhinishwa Marekani, yanaonyesha kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya kumi katika majaribio aliripoti kutokwa na ute mwingi ukeni. Kitanzi chenye homoni nacho kina malalamiko hayohayo. Haina maana kwamba kila mmoja wao alisababishiwa na kijiti, kwa kuwa wanawake hutoka ute kwa sababu nyingi, lakini wataalamu waliona jambo hilo lina uzito wa kutosha kuandikwa. Karatasi ile inalisema. Mhudumu aliyeketi mbele ya mama halisemi.

Kwa vidonge vya majira vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, kuna jambo la ziada. Ndani ya mfereji wa shingo ya kizazi mna seli laini zinazotengeneza ute. Estrojeni inapokuwa nyingi, seli hizo hujitokeza nje, upande wa ukeni, na kwa kuwa kazi yao ni kutoa ute, mwanamke anaona ute mwingi, wakati mwingine na tone la damu baada ya tendo la ndoa, kwa sababu seli hizo ni laini na huchubuka. Hali hii huonekana pia kwa wajawazito na kwa wasichana. Mtu akiichungulia anaona uwekundu kuzunguka mlango wa kizazi, na nimeshuhudia wanawake wakitoka kwenye uchunguzi wameambiwa wana kidonda. Fikiria mtu anarudi nyumbani na neno hilo. Anafikiria kansa, mume anafikiria zinaa. Ni seli zake mwenyewe, zimehama kidogo tu kutoka mahali zilipozoea kuonekana. Hata hivyo damu baada ya tendo haiachwi bila kupimwa. Mwanamke huyo achunguzwe shingo ya kizazi, kwa siki au kwa kipimo kingine kilichopo, ili tuwe na hakika kwamba ni hilo na si mwanzo wa saratani.

Ukavu nao upo. Sindano hushusha kiwango cha estrojeni ya mwilini, na baadhi ya wanawake, hasa wanaonyonyesha ambao estrojeni yao tayari iko chini, wanauona uke umekosa unyevu. Dawa yake ya kwanza ni kutoharakisha tendo. Ya pili ni kilainishi chenye asili ya maji, ambacho kinauzwa famasi bila cheti. Mafuta ya nazi na mafuta ya mgando kwa anayetumia kondomu za mpira hayafai, yanazipasua. Kama hali haivumiliki, njia zipo nyingi, abadilishiwe.

Nije kwenye ule wa kahawia, ambao kwa uzoefu wangu ndio unaowatesa watu kuliko mengine. Sindano na kijiti huvuruga hedhi. Ukuta wa ndani ya mji wa mimba unakuwa mwembamba, na ukuta huo mwembamba unadondosha damu kidogokidogo bila ratiba. Damu kidogo isiyo na haraka hukaa njiani, inachanganyika na ute, inabadilika rangi, na ikifika kwenye nguo imekuwa kahawia au karibu nyeusi. Ni damu iliyochelewa kutoka. Mwanamke anayeijua hedhi nyekundu akiona rangi hii anasema ananuka ndani, anaoza.

Na juu ya hofu hiyo kuna imani iliyoenea sana huku kwetu, kwamba hedhi isipotoka inajaa tumboni na kugeuka uchafu, na uchafu huo ndio unaotafuta njia ya kutokea. Wanaotumia sindano kwa mwaka mzima, karibu nusu yao hawaoni hedhi kabisa, kwa hiyo imani hii inawagusa wanawake wengi mno. Nawaomba mnisikilize vizuri. Hedhi ni ukuta uliojengwa ukasubiri mimba, mimba haikuja, ukabomoka. Kwa anayetumia sindano, ukuta haukujengwa wa kutosha. Hakuna damu inayojaa popote. Tumbo halina ghala. Mama aliyekaa miezi minane bila hedhi kwa sababu ya sindano, mji wake wa mimba uko safi kama wa mtu mwingine yeyote, na hahitaji dawa ya kusafisha kizazi, iwe ya kuchemsha, iwe ya kwenye chupa yenye picha ya majani.

Sasa niseme na wanaume, na nitasema kwa heshima. Mazungumzo yanayozunguka vijiweni ni kwamba mwanamke anayetumia uzazi wa mpango anakuwa na maji, anakuwa baridi, halali na mumewe vizuri. Wanawake wanayasikia. Mke anayeogopa mumewe asimwone wa maji hamwambii kwamba anatumia sindano, na akianza kuona ute umeongezeka anaingia bafuni kujitibu mwenyewe. Hapo ndipo madhara ya kweli yanapoanza. Vidole vyenye sabuni ndani ya uke. Maji ya ndimu. Chumvi. Shabu ya kukaza. Ugoro. Vitu hivi vyote vinaharibu ile asidi na wale bakteria wazuri niliowataja, na uke ukibaki bila ulinzi wake, harufu inakuja kweli, na yule mama anaongeza sabuni.

Hili limefuatiliwa hapahapa pwani. Mombasa kuna kundi la watafiti waliowafuatilia kwa miaka kumi wanawake wanaofanya biashara ya ngono waliokuwa wakihudhuria kliniki ya Ganjoni, na mwaka 2006 wakachapisha matokeo kuhusu kujiosha ndani ya uke. Waliojiosha ndani kwa maji walipata maambukizi ya virusi vya ukimwi zaidi ya wasiojiosha, na waliotumia sabuni au vitu vingine walikuwa hatarini zaidi ya hao. Uke unajisafisha wenyewe. Osha nje, kwa maji, basi. Mume anayempenda mkewe amwambie hivyo, na kama unyevu wa mkewe umebadilika waende pamoja kumuuliza mhudumu. Mazungumzo ya namna hiyo yanawezekana: mwaka 1993 Radio Tanzania ilipoanza kurusha mchezo wa redio wa Twende na Wakati, watafiti waliofuatilia waligundua kwamba mahali uliposikika wanandoa walizidi kuzungumza wao kwa wao kuhusu uzazi wa mpango, na wanaojiunga na huduma wakaongezeka. Dodoma, ambako kwa miaka miwili ya kwanza haukurushwa ili watafiti wapate cha kulinganisha, hali haikuwa hiyo. Watu wa nchi hii wakifunguliwa mazungumzo wanazungumza.

Nimesema mengi ya kutuliza hofu. Upande wa pili nao nauleta kwa uzito uleule, kwa sababu ziko nyakati ambapo ute uliobadilika hauhusiani kabisa na kijiti, na neno "kawaida" likisemwa hapo linaumiza.

Turudi Mombasa, kliniki ileile. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya wanawake 948 waliofuatiliwa ili kuona njia za homoni zinahusianaje na magonjwa ya ukeni. Waliotumia vidonge walipata fangasi zaidi ya wasiotumia njia. Waliotumia vidonge, na waliotumia sindano, wote walipata klamidia zaidi. Lakini ule ugonjwa wa bakteria wa ukeni unaoleta majimaji ya kijivu yenye shombo ulionekana kwa uchache kwa makundi yote mawili, na kwa wa sindano hata trikomonasi na maambukizi ya mirija vilikuwa vichache. Kwa hiyo anayesema uzazi wa mpango unaleta uchafu ukeni, na anayesema hauhusiani kabisa, kila mmoja ameshika upande mmoja tu. Inategemea ni njia gani na ni ugonjwa gani. Ile harufu ya shombo ambayo wanawake wengi huisingizia sindano, sindano haikuonekana kuiongeza. Kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni hata chembe, ndicho ambacho tafiti kadhaa zimekihusisha na shombo hiyo zaidi.

Mwanamke azijue sura za magonjwa haya. Fangasi huwasha, wakati mwingine mpaka mtu ashindwe kukaa; ute ni mweupe, mzito, wa mabonge kama maziwa yaliyoganda, na hauna harufu kali. Shombo la samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, pamoja na majimaji mepesi ya kijivu au meupe, hiyo ni ile hali ya bakteria kupoteza uwiano, wazuri wamepungua wengine wamechukua nafasi. Majimaji ya manjano au ya kijani, yenye povu na harufu, yanaelekeza kwenye trikomonasi, na hapo mwenzi naye lazima atibiwe. Klamidia na kisonono ndivyo vinavyoniogopesha zaidi, kwa kuwa kwa wanawake wengi havitoi dalili yoyote. Mtu anakuwa na ute wa kawaida kabisa huku mirija yake inaharibika.

Na hakuna kijiti, sindano wala kidonge cha kutegemewa kuzuia magonjwa haya. Kati ya mwaka 2015 na 2018 wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, wa Kenya wakiwa Kisumu, walishiriki utafiti mkubwa uliolinganisha sindano, kijiti na kitanzi cha shaba ili kuona kama njia mojawapo inaongeza hatari ya virusi vya ukimwi. Matokeo ya Juni 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu, na hiyo ilikuwa habari njema. Habari mbaya ni kwamba wanawake 397 miongoni mwao walipata maambukizi wakiwa ndani ya utafiti, wakipewa kondomu na ushauri. Njia zao za kuzuia mimba zilifanya kazi ya kuzuia mimba. Kondomu ndiyo inayofanya kazi ile nyingine, na mwenye kijiti mkononi anaihitaji sawasawa na asiye nacho, kama hana hakika ya hali ya mwenzi wake.

Kuna tatizo la upande wetu wahudumu ambalo sitalificha. Zahanati nyingi hazina vipimo vya maabara vya kutosha, kwa hiyo mwongozo unaturuhusu kutibu kwa dalili: mama analalamika kutokwa na uchafu, anapewa dawa za magonjwa kadhaa kwa pamoja. Mfumo huu umewafikishia dawa watu wengi ambao wasingezipata. Lakini ute peke yake ni shahidi dhaifu. Mama mwenye ute ulioongezeka kwa sababu ya vidonge anaweza kuondoka na antibayotiki asizohitaji, na antibayotiki zikiwaua laktobasili, fangasi wanapata nafasi. Wiki mbili baadaye anawashwa, anarudi, anasema njia hii hainifai. Mwingine anaruka zahanati na kwenda duka la dawa, ananunua Flagyl kwa kukadiria, anameza nne leo na mbili kesho. Nawaomba sana muulize swali moja kabla ya kumeza chochote: je, nimepimwa, au tumekisia? Mhudumu hatachukia. Hata pale pasipo na maabara, kuangalia kwa macho, kunusa, na kuuliza maswali matano mazuri kunatenganisha mengi.

Mwanamke wa kawaida, bila darasa, anaweza kabisa kuusoma ute wake. Miaka ya 1970 Shirika la Afya Duniani liliendesha jaribio la njia ya Billings, ile inayofundishwa sana kwenye parokia za Kikatoliki, ambapo mwanamke hufuatilia ute wake kujua siku za mimba. Jaribio lilifanyika katika nchi tano, zikiwemo India, Ufilipino na El Salvador, na wanawake zaidi ya asilimia 90 waliweza kuutambua ute wa siku za rutuba ndani ya mzunguko wao wa kwanza tu wa kujifunza. Baadhi yao hawakuwa wasomi. Naitaja njia hii kwa sababu mbili. Kwanza, anayetumia homoni asijaribu kuhesabu siku kwa ute, kwani ute wake haufuati tena zamu zile, na anayetoka kwenye sindano kuingia Billings asubiri mzunguko urudi kwanza. Pili, uwezo huohuo wa kutazama umsaidie anayeanza kijiti. Aangalie ute wake mwezi mmoja kabla. Ajue rangi yake, wingi wake, harufu yake. Mabadiliko yakija atakuwa na cha kulinganisha, na akija kwetu atatueleza kwa uhakika.

Ziko dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kwenye kadi. Ute wenye harufu mbaya ukiambatana na maumivu ya chini ya kitovu au homa, njoo siku hiyohiyo, na kama umewekewa kitanzi ndani ya wiki tatu zilizopita usilale na hali hiyo, maana hicho ndicho kipindi ambacho maambukizi ya kizazi hutokea zaidi baada ya kitanzi kuwekwa. Damu kila baada ya tendo la ndoa, njoo. Vidonda au malengelenge, njoo. Muwasho usioisha baada ya dawa ya fangasi, njoo, na tutapima sukari pia, kwa sababu fangasi wa kurudiarudia wakati mwingine ndio wanaotuonyesha kisukari ambacho mtu hakukijua. Ute wa kijani, njoo na mwenzio. Ujauzito nao hubadilisha ute, kwa hiyo kama sindano ilipita tarehe au vidonge vilirukwa, tupime mimba kabla ya kulaumu njia.

Wahudumu wenzangu mnaonisikia, ombi langu kwenu halihitaji bajeti wala semina. Mnapomweleza mama kuhusu hedhi kuvurugika, ongezeni sentensi mbili. Mwambieni ute wake utabadilika: unaweza kuwa mzito, unaweza kuongezeka au kupungua, unaweza kuwa wa kahawia. Mwambieni kwamba ukiwa na shombo, muwasho, rangi ya kijani au maumivu, hiyo siyo ya kuitwa kawaida, aje. Halafu mwulizeni ninyi, akiwa bado amekaa, wakati wa marudio, huko chini kukoje. Msimwachie mzigo wa kuanza.

Na wewe mwanamke uliyeanza kijiti au sindano na unaona kitu usichokielewa, usikitoe kijiti kwa wembe wa mtu, usiache sindano ipite kimyakimya, usijimwagie ndimu. Huduma ya uzazi wa mpango katika vituo vya serikali Tanzania hutolewa bila malipo, na kuangaliwa unapopata maudhi ni sehemu ya huduma hiyohiyo, sawa na kuchomwa sindano yenyewe. Chukua kadi yako, nenda, na swali hili liwe la kwanza kuulizwa.